Bibi wa Kuazima kutoka Idaho

Tukubaliane jambo moja mapema ili tusichoshane: mjinga wa siku ile alikuwa Verdell Aagard. Si mkewe LaRue, si binti yao Marlys, si jirani yao mzee Garn mwenye vifaa vya kusikilizia vinavyopiga mluzi, na wala si bata mzinga wa kwenye lori lake, ingawa bata mzinga ni kiumbe ambaye akiona mvua hutazama juu mdomo wazi akishangaa inatoka wapi. Verdell mwenyewe analikiri hilo siku hizi, tena kwa kicheko. Mtu akishavuliwa nguo sebuleni kwake, juu ya zulia lake mwenyewe, hana budi awe wa kwanza kucheka.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la bata mzinga bondeni Sanpete, katika jimbo linalopakana na Idaho, kuwatoa mabandani na kuwafikisha kiwandani, safari ambayo bata walikuwa wakiifanya mara moja tu maishani na yeye kila siku. Ni kazi ya manyoya, harufu na barabara ndefu. Miaka mingi ndani ya lori lile alikuwa akiongea na Mungu kwa sauti kubwa, kama mfanyakazi wa siku nyingi anavyoongea na bosi aliyemzoea. Alishukuru, alilalamika, aliimba nyimbo za kanisa akipotea njia kwenye ubeti wa pili, na gurudumu likipasuka alisema maneno ambayo baadaye alilazimika kuyatubu kabla hajafika kiwandani. Haikuwa ibada ya kupendeza, lakini ilikuwa yake.

Kisha Krismasi moja LaRue akamnunulia hedifoni ndogo za kuchomeka masikioni, na hapo ndipo utakatifu ulipoanza.

Ilianza na podikasti moja ya kanisa, mazungumzo ya kusikiliza kwenye simu, ikawa mbili, ikawa lundo. Iliyomkaa moyoni kuliko zote iliitwa Kisima Kirefu, ya bwana mmoja Dakta Trevan Wadley, msomi wa lugha za kale mwenye sauti kama maziwa ya uvuguvugu. Dakta Wadley alijua Kiebrania, alijua Kigiriki, na alijua kulia. Kila kipindi alilia mara moja, taratibu, kwa heshima, muda mfupi kabla ya tangazo la magodoro. Verdell naye alikuwa akilia naye, mikono kwenye usukani, bata wakipiga kelele nyuma. Halafu alifuta machozi na kufikiria kwa dhati kununua godoro.

Ili asipitwe na kitu, akaanza kusikiliza kwa mwendo wa haraka, halafu wa haraka zaidi, mpaka manabii wa kale wakawa wanaongea kama wauza mifugo mnadani. Ukimuuliza, "Ndugu Aagard, imani inaendeleaje?" alikujibu kwa kukutajia vipindi alivyomaliza. Alijiona amepanda daraja. Sala zake nazo zilifupika kwa kiasi kilekile alichopanda: asante kwa chakula, wabariki wamisionari, amina, na kidole tayari kipo kwenye simu.

"Ndani ya kichwa chako sasa wanaishi wanaume wanne," LaRue alimwambia asubuhi moja, akikoroga soda yake ya asubuhi kwenye gilasi yenye ukubwa wa ndoo, maana kwa watu wa kanisa lao kahawa ni dhambi lakini ndoo ya soda ni kiburudisho. "Wanaume wanne, na mke hana hata pa kuweka kigoda."

"Najifunza neno la Mungu, LaRue."

"Jifunze pia neno la mkeo. Nimekwambia toka juzi bomba linavuja."

Verdell alitikisa kichwa kwa upole wa mtu anayejua asili ya Kigiriki ya neno "maji", akatoka.

Kanisani hakuna aliyemshtukia, kwa sababu nzuri tu: kata nzima, yaani waumini wote wa kanisa lake, ilikuwa inasikiliza Kisima Kirefu. Kila Jumapili darasani watu wazima walipeana mawazo ya Dakta Wadley kwa zamu. Mmoja alisema, "Wiki hii nilipokuwa nikitafakari, lilinijia wazo," na wenzake wakatikisa vichwa kwa mshangao, kana kwamba wazo hilo halikuwajia wao pia, siku ileile, kwa sauti ileile, likifuatiwa na magodoro. Mwalimu alishukuru, mwingine akanyoosha mkono, naye alikuwa amejiwa. Lilikuwa darasa lenye mafunuo mengi kuliko jangwa la Musa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuliza yanatoka wapi.

Sasa, Marlys.

Marlys Thora Aagard alikuwa mtoto wao wa pekee. Alifundisha watoto kuimba katika shule moja ya msingi kule Provo, ng'ambo ya korongo, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka tangu aache kwenda kanisani. Hakupiga kelele, hakuandika tamko, hakumtukana askofu. Aliacha tu, kama mtu anavyoacha kula kitu ambacho hajui tena ladha yake. Verdell aligundua kuwa chanzo kilikuwa podikasti. Zipo nyingine, za wale waliotoka kanisani, wenye sauti nzuri vilevile na magodoro yaleyale.

"Amepotelea masikioni," Verdell alimweleza mkewe, "na kwa masikio atarudi."

Basi akaanza kumtumia vipindi. Asubuhi kimoja, mchana kimoja, Jumapili viwili kwa heshima ya siku. Chini ya kila kimoja aliandika: *Sikiliza hiki mwanangu.* Marlys alijibu kwa kidole gumba kilichosimama. Mwaka mzima baba na binti waliwasiliana hivyo, yeye akituma wahubiri, binti akirudisha vidole gumba, na Verdell akamshukuru Mungu, kwa kifupi, kwamba mawasiliano yalikuwa mazuri.

Halafu katikati ya wiki moja ya mwezi wa Machi simu ikaita. Ilikuwa sauti yenyewe.

"Baba, una nafasi?"

Verdell alikuwa ameegesha lori kando ya banda, bata wakipakiwa. Akasimamisha Dakta Wadley katikati ya chozi.

"Nina nafasi, mwanangu."

"Wameona uvimbe kwenye tezi, hapa shingoni. Wananipasua Jumanne. Daktari anasema pengine si kitu kibaya. Ila kuna mshipa wa sauti unapita hapohapo. Anasema wakati mwingine ukiguswa sauti hairudi kama ilivyokuwa. Kuongea nitaongea. Kuimba ndiyo hawajui."

Nyuma ya Verdell bata mmoja alikuwa amekwepa mtego na kijana wa kupakia alikuwa akimfukuza huku akitukana kwa Kihispania.

"Nakuja Jumapili," Marlys akasema. "Nataka unipe baraka, Baba. Mafuta na yote. Sijui ninachoamini, usiniulize. Lakini nataka mikono yako. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Verdell.

Ajuaye watu hawa anajua hilo lilikuwa ombi la namna gani. Baraka haisomwi kwenye karatasi. Baba anaweka mikono juu ya kichwa cha mwanawe, anamtaja kwa jina lake kamili, halafu ananyamaza mpaka apewe la kusema, na analolisema ndilo hilo. Binti aliyekaa mbali mwaka mzima alikuwa amefungua mlango kwa upana wa kiganja, na hakumwita askofu, hakumwita mtu yeyote mwenye Kiebrania. Alimwita dereva wa bata.

Mtu mwenye akili angezima simu, akaendesha lori kimyakimya mpaka Jumapili, akaongea na bosi wake wa zamani. Verdell alitafuta "baraka kwa wagonjwa" na kupata vipindi arobaini na moja.

Alivisikiliza kwa mwendo wa haraka kupita wote. Kile kilichompiga moyo kuliko vyote kilikuwa cha Dakta Wadley mwenyewe, kuhusu bibi yake wa Idaho. Bibi huyo alikuwa na ng'ombe kumi na wanne, na majira ya baridi alifunga kamba kutoka mlango wa nyumba mpaka zizini, ili siku ya tufani ya theluji, asipoona hata mkono wake, aishike kamba na kufika kukamua. "Zizi hakuliona," alisema Dakta Wadley, na hapo sauti ikamvunjika, "lakini kamba aliishika." Verdell alisimamisha lori pembezoni mwa barabara akalia mpaka bata wakanyamaza kumsikiliza. Alikirudia kipindi hicho tena na tena, kwenda na kurudi, mpaka akamjua bibi yule kuliko majirani zake. Kufikia Ijumaa alikuwa akikisema peke yake mbele ya kioo cha pembeni, pamoja na kile kituo kidogo kabla ya neno "kamba".

Jumapili ikafika. Alikuwa amefunga tangu jana yake kwa ajili ya binti yake, na tumbo lilikuwa likitoa ushuhuda wake lenyewe wakati wa ibada. Marlys aliwasili mchana akiwa amevaa skafu shingoni. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akamkumbatia baba yake kwa muda mrefu zaidi, na Verdell, kwa kukosa la kusema, akamwambia kwamba neno la Kiebrania la "shingo" lina maana pana sana.

"Lina?" akauliza Marlys.

"Sana."

"Mwache mtoto aketi, na shingo yake," akasema LaRue.

Nyumba ilinukia nyama iliyookwa na viazi vya jibini, vile ambavyo watu hawa hupeleka msibani, na LaRue alikuwa amevipika kwa sababu ndivyo Marlys alivyovipenda tangu utotoni, halafu akashtuka katikati ya kupika kwamba ni chakula cha matanga, akawaza kuvimwaga, akaongeza jibini badala yake.

Baraka ya mgonjwa inataka wenye ukuhani wawili, na kwao ukuhani hupewa wanaume wa kawaida tu: mmoja wa kupaka mafuta, mwingine wa kutia muhuri na kunena. Wa kupaka alikuwa jirani yao Garn Tuttle, mzee wa zaidi ya miaka themanini, aliyelea kondoo maisha yake yote na kuamini kwamba mtu akiongea zaidi ya lazima basi anauza kitu. Alikuja na tai yake ileile moja.

"Mafuta unayo, Verdell?"

"Ninayo siku zote, Ndugu Garn." Verdell akatoa funguo za lori kwa madaha. Kwenye mkufu wake kulikuwa na kichupa cha chuma, kidogo kama risasi, ambacho wanaume wa huko hukibeba popote wasije wakakutana na mgonjwa. Akafungua kifuniko, akakipindua kidoleni. Hakikutoka kitu. Akakitikisa. Akakigonga kwenye kiganja. Ndani mlikuwa mmekauka, mmebaki ukoko wa kahawia. Alikuwa amesikiliza mafundisho mengi juu ya kubariki wagonjwa, hata hakuona kwamba hajambariki mtu.

Garn aliingiza mkono mfukoni akatoa chake, kimejaa, kinang'aa kwa kushikwashikwa.

Marlys akaketi kwenye kiti cha jikoni kilichovutwa katikati ya sebule. LaRue akakunja mikono. Garn akadondosha tone la mafuta utosini, akaweka mikono, akasema maneno yake yaliyopangwa, machache, kama anayefunga zizi, akanyamaza. Kisha Verdell akaweka mikono yake juu ya mikono ya mzee, akavuta pumzi.

"Marlys Thora Aagard," alianza, na hapo alitakiwa angoje.

Hakungoja. Kungoja kulimtisha. Chini ya viganja vyake alihisi kichwa cha mtoto wake, cha moto, kidogo kuliko alivyokikumbuka, na akaogopa kwamba akinyamaza hakitakuja kitu, au kitakuja kitu asichokitaka. Akakimbilia Idaho.

"Nakumbushwa," alisema, kwa sauti ya maziwa ya uvuguvugu ambayo hakuwahi kuwa nayo, "juu ya bibi yangu, na kamba iliyotoka mlangoni kwake mpaka zizini."

LaRue alifumbua jicho moja.

Verdell alishika kasi. Theluji ikaanguka, ng'ombe wakalia, bibi akatoka gizani. Alikuwa amezoea kumsikia bibi yule kwa mwendo wa haraka, kwa hiyo naye alimkimbiza mwendo huohuo, na Garn akaanza kuinamisha sikio kwa jitihada za kufuatilia. "Zizi hakuliona," alisema Verdell, akavunjika sauti mahali palepale, akaweka kile kituo kidogo, "lakini kamba aliishika. Na wewe nawe, rafiki yangu msiki..." Akameza mate. "Rafiki yangu mpendwa. Shika kamba."

Chini ya viganja vyake mabega ya Marlys yakaanza kutikisika. Roho ameshuka, akawaza Verdell, na machozi yakamlengalenga. Anashuka vizuri kabisa. Akamaliza kwa ahadi mbili tatu zilizopangwa vyema, zisizomwahidi mtu kitu, akasema amina.

"Amina," akasema LaRue, akimtazama mumewe kama anavyotazama bili ya umeme isiyo yake.

"Amina," akasema Garn. Akarekebisha kifaa cha sikio, kikapiga mluzi. "Verdell, sikujua kama mna watu Idaho."

"Ni... upande wa..." akasema Verdell.

"Maana bibi yako Thora nilimjua. Tulikaa naye uzio kwa uzio. Huyo mama hakuvuka korongo ila mara moja kwenda kung'oa jino, akarudi analalamika mwezi mzima. Na ng'ombe?" Mzee akatikisa kichwa. "Thora aliogopa ng'ombe kuliko Shetani. Yeye alikuwa na bata. Na ulikuwa unakimbia nini vile? Nilidhani nyumba inaungua."

Marlys alikuwa bado ameinama. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, na haikuwezekana kusema kama alikuwa akicheka au akilia, kwa sababu alikuwa akifanya vyote.

"Baba," alisema, "hao ng'ombe walikuwa wangapi?"

"Kumi na wanne," Verdell akajibu. Mtu ukimuuliza anachokijua, atakijibu tu.

"Na yule wa pembe moja, aliyekuwa akipiga ndoo teke?"

"Duchess."

"Duchess!" Marlys akapiga paja. "Mama, Duchess huyo! Anakuja mara tu baada ya tangazo."

"Duchess ni nani?" akauliza LaRue. "Verdell, mimi nimeolewa kwenye ukoo huu miaka thelathini na moja. Duchess ni nani?"

Marlys akatoa simu mfukoni mwa koti, akapekua, akamgeuzia baba yake. Palikuwa na kipindi cha Dakta Wadley, kilichotumwa Alhamisi, na chini yake maneno ya Verdell mwenyewe: *Sikiliza hiki mpaka mwisho mwanangu. Kimenibadilisha.*

Jikoni bomba lilidondosha tone kwenye sinki, na LaRue alikuwa muungwana kiasi cha kutolitaja.

"Ulikisikiliza?" akauliza Verdell hatimaye, akiwa na tumaini dogo la kipuuzi.

"Nimevisikiliza vyote, Baba. Mwaka mzima. Kila ulichonitumia, nikienda shuleni asubuhi."

"Vyote?"

"Vyote. Unadhani kwa nini? Kwa sababu ya Kiebrania? Nilikuwa natafuta huko ndani ni wapi utakapotokea wewe. Nilidhani utaandika kitu. 'Mwanangu, hapa nilipiga breki.' 'Mwanangu, hapa sikuelewa.' Ukanitumia kingine." Akakunja skafu, akaikunjua. "Hata wale wa upande wa pili niliwaacha. Wanalia vilevile. Nikachoka kuliliwa na watu nisiowajua."

Sasa mtu mwenye hekima hapo angeomba radhi. Verdell alikuwa amefunga tangu jana, alikuwa ameaibishwa na bibi wawili kwa mpigo, wake na wa mwenzake, na mwanamume wa namna hiyo hana hekima, ana hoja.

"Ukweli ni ukweli," akasema, akijinyoosha. "Hata ukitoka kwenye simu. Roho anatumia chombo chochote."

"Anatumia," akasema Marlys.

"Na kisa kile ni kizuri."

"Ni kizuri sana. Nililia nilipokisikia. Alhamisi."

"Basi tatizo liko wapi? Maneno ni yaleyale, ya Dakta au yangu! Mimi nimeyapitisha tu."

"Kama bomba," akasema LaRue, aliyekuwa ameshindwa kuvumilia.

"LaRue, tafadhali."

"Sijasema kitu."

"Na yule bwana ana digrii tatu!" Verdell sasa alikuwa akizunguka kile kiti kama kuku aliyefungwa mguu. "Mimi nina nini? Nina leseni ya lori. Nikae hapo, nishike kichwa chako, nifungue mdomo wangu huu, niseme nini? Niseme sauti yako itabaki? Na isipobaki? Utarudi shuleni kwako huwezi kuimba, na utakumbuka ni nani aliyekuahidi. Sitakuwa mimi, Marlys. Siwezi kuwa mimi. Heri bibi wa mtu mwingine."

Garn akatazama viatu vyake. LaRue akaacha kukunja mikono. Hilo lilikuwa la kwanza, tangu Krismasi ile ya hedifoni, kusikika mle ndani likiwa na harufu ya Verdell mwenyewe.

"Unakumbuka nilivyoanguka kwenye paa la banda?" akauliza Marlys, kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa darasa la pili."

"Nilikuwa sipumui vizuri. Ukapiga magoti palepale kwenye kinyesi cha bata, ukaniweka mikono. Mafuta hukuwa nayo."

"Nilikuwa nimeyasahau nyumbani," akasema Verdell. "Siku hizo nilikuwa nayasahau. Siku hizi nayabeba makavu."

"Ulisema nini?"

Verdell akakuna shingo. "Sikusema kitu cha maana."

"Ulisema, 'Bwana, huyu ni wangu, sina mwingine. Tafadhali.' Halafu ukasema neno moja baya, ukasema amina."

"Lile neno nililitubu."

"Usingelitubu. Ndilo lililonifanya nijue umeogopa kama mimi." Akavuta makamasi, akajipangusa kwa ncha ya skafu. "Hukuniahidi kitu siku ile, Baba. Na wala sikuja leo kuahidiwa. Wa kuniahidi ninao, hospitali imejaa."

Mambo yangeweza kuishia hapo, na labda yangeishia, lakini Verdell alikuwa ameshikilia lile la mwisho alilobaki nalo, na alilishika kama yule mama wa Idaho na kamba yake.

"Lakini yule bwana anasema vizuri kuliko mimi, mwanangu," alisema, karibu kwa kuomba. "Huo ndio ukweli. Anasema vizuri, na ana sauti, na anajua pa kusimama. Ukiwa na kitu kizuri namna ile, kwa nini umpe mtoto wako kibovu?"

Marlys alisimama, akakivuta kiti pale kilipokuwa kimesukumwa na mizunguko ya baba yake, akakirudisha katikati ya zulia. Akaketi, akampa baba yake mgongo, akafungua skafu na kuiweka mapajani. Garn, bila kuambiwa, akakitoa tena kile kichupa chake.

"Baba," alisema Marlys bila kugeuka, "ningekuwa namtaka yule, ningejiwekea simu kichwani."